Anselmu na Karatasi ya Safari

Ukitaka kujua fundi wa kukalafati, yaani kuziba mishono ya chombo, anafaa au hafai, usimtazame anavyopiga nyundo. Mtazame anavyosikiliza. Anselmu aligonga ubao mara moja kwa nyundo yake ya mbao, akainamisha kichwa, akagonga tena, halafu akakwambia: huu umekula maji, huu bado, huu ulipigwa na mlevi. Mimi nilikuwa dalali wa nyumbu. Nilipeleka vyombo vikuukuu Bara, kwenye pwani ya Wahispania, nikarudi na nyumbu hai, kwa hiyo nilijifunza mapema kutobishana naye. Mara moja nilibishana, na nyumbu tisa wakafa maji kabla hatujauacha mlima wa Coro nyuma yetu.

Alizaliwa hapa hapa kisiwani Curaçao, katika ua wa nyuma wa nyumba ya Shon Aleta, mjane wa Kiholanzi aliyekuwa na vyombo viwili na nusu. Ile nusu aligawana na shemeji yake, na waliigombania kila Jumapili wakitoka kanisani. Shon ndivyo tunavyowaita wenye kumiliki watu. Mama yake Anselmu alikuwa mpishi wa nyumba ile, na baba yake hakutajwa. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa mtu mwembamba, mikono ina lami hadi viwiko, na mgongo wake safi kama wa mtoto wa gavana. Fundi kama huyo hachapwi. Ukimchapa leo, kesho nyundo inayumba, na hasara ni yako.

Ipo desturi ya kisiwa chetu ambayo mtu wa Bara haielewi, na hiyo ndiyo iliyommaliza.

Wahispania wa Bara walikuwa wakikamata vyombo vyetu kwa sababu ya magendo. Chombo kikikamatwa ni chao, shehena ni yao, na mtumwa aliyemo ni shehena, anauzwa pamoja na vitambaa. Lakini mtu huru si shehena. Huyo ni mfungwa tu, na mfungwa hubadilishwa kwa mfungwa. Matajiri wetu wakakaa, wakafikiri, wakapata dawa. Kabla ya safari Shon anampeleka baharia wake kwa karani, analipa ada, na karani anaandika kwamba fulani ni mtu huru tangu leo, hana bwana. Muhuri unapigwa. Papo hapo inaandikwa karatasi ya pili, ya kukaa kabatini kwa Shon, inayosema ile ya kwanza ni ya safari tu na fulani ni mali yangu kama alivyokuwa jana. Ukirudi unashuka gatini na kuirudisha karatasi yako kabla hujanywa maji.

Mabaharia waliifanya mzaha. Walijiita waungwana wa majini.

"Bwana mwungwana," wangemwambia mwenzao wakati wa kukaza kamba, "tafadhali sana, kama hutajali, vuta, mbwa wee."

Anselmu hakucheka. Yeye aliiweka karatasi yake ndani ya kibofu cha mbuzi kilichopakwa mafuta, akakivaa shingoni chini ya shati. Kila safari alimtafuta mtu anayejua kusoma Kiholanzi amsomee, ingawa maneno yalikuwa yale yale na alishayashika kwa moyo. Alikwenda safari kumi na nne. Katika ile ya tisa nahodha Jeronimus alimwambia apige bomba la maji nje ya zamu yake. Anselmu akajibu, "Mimi ni mtu huru, nahodha. Niombe." Jeronimus alikuwa amelewa kidogo, akavua kofia, akamwomba kwa adabu zote. Anselmu akapiga bomba. Alilisimulia jambo hilo mwaka mzima, na watu wakachoka nalo.

Mwenzake wa karibu chomboni alikuwa Ventura. Huyu aliletwa mtu mzima kutoka ng'ambo ya bahari kuu, ana chapa ya moto begani na mgongo uliochanwachanwa. Hakuwa fundi wa chochote. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba na kusema maneno ya kuudhi. Karatasi yake ya safari aliifungia tumbaku.

"Utailoanisha," Anselmu alimwambia.

"Ikiloana itakuwa nini? Mtumwa aliyeloa."

Watu wameniuliza kwa nini Anselmu alitoroka, hali alikula vizuri na hakupigwa. Hilo ni swali la mtu ambaye hajapata kuirudisha karatasi. Alinieleza mwenyewe siku moja tulipokuwa tukila funchi, ugali wetu wa mahindi, na bamia kwangu mtaa wa Otrobanda. Alisema safari za kwanza, kuirudisha kulikuwa kama kurudisha nyundo ya mtu. Ile ya kumi na nne, karani aliichukua na mkono wa Anselmu ukabaki umenyooshwa, na karani akamuuliza, "Unangoja nini?" Akakaa na hilo swali miezi minne.

Na mahali pa kwenda palikuwepo. Mfalme wa Uhispania alikuwa ametoa neno kwamba mtumwa yeyote atakayetoroka kutoka nchi za Waprotestanti, akafika Bara na kusema amekuja kutafuta misa, ni mtu huru. Vilima vya nyuma ya Coro vilijaa watu wetu, wana mashamba na mbuzi na wake. Kila mtumwa wa kisiwa hiki aliijua sheria hiyo kuliko mawakili wanavyozijua za kwao.

Jinsi alivyotoka, lazima nimpe haki yake, ilikuwa kazi safi. Mwezi wa pili chombo cha Shon Aleta, Dorotea, kilikuwa kinajiandaa kwenda Bara na vitambaa na unga. Anselmu ndiye aliyekikalafati. Mishono yote aliijaza nyuzi za katani zenye lami, isipokuwa mmoja, chini karibu na mkuku, alioujaza mafuta ya ng'ombe na kamba iliyooza, akaupaka lami juu ukang'aa kuliko mingine. Jeronimus alikuja kukagua na akausifu mshono huo.

Walifika Bara, wakashusha mali usiku katika kijito ambacho sitakitaja kwa kuwa wapo wanaokitumia bado. Asubuhi maji yalikuwa yamefika magotini ndani ya ngama, chini kabisa ya chombo.

"Anselmu," nahodha akasema, "hiki kitu kinanywa kuliko mimi."

"Lazima tukilaze ubavu, nahodha. Siku nne, tano. Na kuni nyingi za kuchemshia lami."

Wakakivuta pwani wakakilaza. Siku ya tatu kuni za karibu zilikwisha. Anselmu na Ventura wakachukua shoka wakaingia vichakani kutafuta nyingine, mbele ya macho ya watu wote, na nahodha akawapigia kelele wasilete za miiba. Hawakuleta za aina yoyote.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Ventura, na Anselmu baadaye hakuyakana.

Walitembea siku mbili. Kwenye kijito cha mwisho kabla ya mji, Ventura alifungua tumbaku yake, akaihamishia kwenye jani, akaichana ile karatasi vipande na kuvitupa majini.

"Ichane na yako," akasema.

"Unanitania."

"Hapa tunaingia kama watumwa, kaka. Ndiyo bei ya mlangoni. Mtumwa anaingia bure."

"Na wakitugeuka? Wakituuza? Mwenye karatasi anayo ya kuonyesha. Wewe utawaonyesha nini, meno?"

"Nitawaonyesha hili." Ventura akageuza bega lenye chapa. "Wewe huna. Sasa fanya uso wa huzuni, na hiyo takataka yako ifukie."

"Hii ina muhuri, Ventura."

"Hata ng'ombe ana muhuri."

Anselmu hakuifukia. Aliahidi hataitoa, na nadhani alikusudia kutimiza.

Walipelekwa mbele ya hakimu mdogo wa bandari, mtu wa makamo aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni kwa sababu ya vidonda. Padri alikaa kando. Ventura aliulizwa wa kwanza.

"Wewe nani?"

"Mtumwa wa Waholanzi, bwana. Nimekuja kutafuta misa."

"Wote mnatafuta misa. Geuka."

Ventura akageuka. Hakimu akatazama mgongo na chapa kwa muda mfupi, kama mtu anayetazama saa, akamwambia mwandishi: huru, mwaka mmoja afanye kazi ya barabara, kisha aende anakotaka. Padri akamnyooshea msalaba abusu. Jambo likaisha.

"Na huyu," hakimu akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni, "mwandike vile vile. Mtumwa mtoro, wa pili."

Ventura anasema aliuona uso wa Anselmu ukibadilika. Hilo neno alilisikia maisha yake yote na halikumshtua. Lakini alikuwa ametembea siku mbili akijihesabu mtu aliyekwisha kuvuka, na sasa linaandikwa kwa wino juu ya jina lake katika nchi aliyoijia kulikimbia. Akatia mkono chini ya shati.

"Bwana, mimi si kama huyu," akasema. "Mimi ni mtu huru. Soma."

Wakamtafuta mkalimani wa Kiholanzi. Ikasomwa neno kwa neno. Anselmu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila ilipofika mahali anapopapenda.

"Kwa hiyo wewe ni mtu huru," hakimu akasema. Sasa alikuwa ametoa miguu kwenye maji.

"Ndiyo, bwana."

"Baharia."

"Fundi wa chombo, bwana. Kalafati."

"Wa chombo cha Waholanzi kilichoingia pwani ya mfalme bila kibali na kushusha mali usiku."

Hapo ndipo aliposikia. Mtu anayesikia ufa ndani ya ubao wa mwaloni alichelewa kuusikia huu. Akaanza kueleza kwamba karatasi ni ya safari tu, kwamba iko nyingine kabatini, kwamba kila baharia wa kisiwa anayo. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyofanana na mlanguzi anayeruka huku na huku. Hakimu akamwambia avue shati. Akamzunguka, na miguu yake inachuruzika maji.

"Mgongo huu hata mimi sina," akasema. "Padri, umepata kuona mtumwa mwenye mgongo kama huu?"

Padri alisema hajapata.

Mtu huru aliyekamatwa katika magendo alihukumiwa miaka sita ya kazi bandarini, na mnyororo. Wakampa nyundo. Walikuwa na vyombo vitatu vya doria vinavyovuja.

Mimi nilifika bandari hiyo wiki saba baadaye, na kibali cha kununua nyumbu, cha kweli mara hii. Nilimwona juu ya gogo, kifundo cha mguu kwenye pingu, anagonga ubao na kuinamisha kichwa. Nilimpa mlinzi chupa ya pombe ya miwa akaenda kuihifadhi tumboni.

"Panta," Anselmu akaniambia. "Umenenepa."

"Wewe umepata kazi."

"Kazi yenyewe ya aibu. Vyombo vyao vinakalafatiwa na wachonga majeneza." Akagonga tena. "Sikiliza, sina muda. Hakimu amesema kitu kimoja. Nikileta karatasi ya Kiholanzi, yenye muhuri, inayosema mimi ni mtumwa, ananifungua siku hiyo hiyo."

"Ile ya kabatini."

"Ile ya kabatini."

"Kabati la Shon Aleta."

"Wewe unawauzia Waholanzi nyumbu vilema wakakushukuru. Utashindwa na karatasi?"

"Nyumbu kilema anatembea mpaka malipo yapite. Lini?"

"Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Siku hiyo wanabadilishana wafungwa na gavana wenu. Nikiingia kwenye orodha hiyo nimekwisha."

Alisema wenu, si wetu. Nikamwachia tumbaku na kipande cha jibini.

Shon Aleta nilimkuta barazani akichambua mawe kwenye maharage. Alikuwa na wapishi watatu, lakini hakumwamini mtu na maharage. Nilimjua tangu nilipokuwa mtumwa wa jirani yake, na siku nilipojinunua alikuwa wa kwanza kuja kuniuliza kama nina mbuzi wa kuuza. Hakunipa kiti. Nikakaa kwenye ngazi.

"Panta. Umekuja kuniuzia nini?"

"Leo nanunua, Shon. Karatasi kuukuu."

"Karatasi zangu zote kuukuu. Ipi?"

"Ya fundi wako aliyepotea. Hana faida kwako tena. Wahispania wamempa miaka sita, na mtu wa mnyororo hamalizi minne. Nikupe thamani ya nyumbu wawili kwa karatasi tupu, uwashie hata moto kwa hasira zako."

Alichambua maharage kidogo. Nilimwona akiifuata ile njia yote kichwani, hatua kwa hatua, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, hadi akafika mwisho.

"Wakijua ni mtumwa, anakuwa huru," akasema. "Wakidhani yuko huru, ni wangu. Ndivyo?"

"Shon anaona mbali."

"Usinipake mafuta. Nimekwisha kumpelekea gavana jina lake. Baharia huru, raia wa kisiwa, anazuiliwa na Wahispania. Gavana anapenda sana kuwakomboa watu huru. Hulipa yeye."

"Nyumbu watatu."

"Panta."

"Wanne. Ndio nilio nao, Shon, na mmoja mjamzito."

"Nyumbu hazai, mjinga wee." Alicheka kweli, akajipangusa jicho. Nilikuwa nimetegemea kicheko hicho. Mtu akicheka huwa analegea kidogo. Yeye hakulegea. "Karatasi haiuzwi. Akirudi nitakuuzia yeye mwenyewe, kwa bei ya nyumbu kumi na mmoja. Huna."

Sikuwa nao. Na kwa kuwa ninaandika haya ili yawe kweli, nitaongeza kwamba ningekuwa nao, sijui kama ningewatoa wote. Mtu aliyejinunua mwenyewe anajua bei ya mtu, na anajua pia ilimchukua muda gani kuipata.

Palikuwa na njia nyingine. Ningeweza kurudi Bara nikaapa mbele ya hakimu kwamba namjua Anselmu tangu utoto na ni mtumwa. Lakini hakimu angeniuliza nimejuaje alikuwa katika chombo kile, na ni nani aliyenunua vitambaa vile. Nilikuwa mimi na wengine wawili. Sikwenda. Ventura alikwenda. Aliacha kazi ya barabara siku moja, akasimama mlangoni kwa hakimu tangu asubuhi hadi saa nane, na alipoingizwa akasema yote. Hakimu akamuuliza kama na yeye alikuwa na karatasi ya uhuru katika safari ile. Ventura akatazama beseni. Akasema hapana, hakuwa nayo. Basi, hakimu akasema, iko wapi hiyo desturi ya kila baharia? Akamwambia arudi barabarani kabla hajajiongezea mwaka.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ikafika. Chombo cha gavana kilikwenda na bendera nyeupe, kikiwa na Wahispania kumi na mmoja, kuwachukua watu wetu kumi na mmoja. Kumi walipanda mbio. Anselmu alikaa chini mchangani.

"Simama, uko huru," askari wa Kihispania akamwambia.

"Siko huru. Mimi ni mtumwa. Niacheni na mnyororo wangu."

Askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Afisa mmoja akaja kuuliza kuna nini, wakamweleza, naye akacheka. Anselmu aliishika kwa mikono miwili ile pingu iliyoachwa mchangani, akajaribu kuifunga mguuni mwake mwenyewe, lakini ufunguo alikuwa nao mlinzi. Akaomba apelekwe kwa hakimu. Hakimu alikuwa Coro kwa ajili ya sikukuu. Mwisho wakambeba, wawili mikononi wawili miguuni, wakampandisha kama gunia, na wale kumi wakashangilia kwa sababu walidhani amelewa.

Nilikuwa gatini waliposhuka. Watu walikuja na ngoma kupokea ndugu zao. Karani wa Shon Aleta alisimama kando ya ngoma, ana karatasi ya pili mkononi, amekunja pembe moja ili apate mahali pa kutia saini. Alinyoosha kiganja. Anselmu akatoa kibofu shingoni, akakifungua, akampa. Sikuona mahali pa kuingia katikati yao. Mimi hutafuta mahali hapo kila siku, ndiyo riziki yangu, na hapakuwapo.

Walimchapa ngomeni Jumatatu, viboko hamsini, kwa sababu sheria inataka hivyo kwa baharia mtoro. Ule mgongo ambao hakimu aliuona ukaisha. Sheria hiyo hiyo inakataza asikanyage tena chombo wala gati, kwa hiyo hakuwa na thamani tena kwa mwenye vyombo. Shon Aleta akamuuza upande wa mashariki, kwenye mabwawa ya chumvi ya tajiri mmoja, kwa bei ya nyumbu watano. Sikuambiwa mpaka ilipokwisha. Watano ningeweza kuwatafuta.

Nilipita huko baada ya mwaka na nusu, nikiwa na mikokoteni miwili kununua chumvi ya kuhifadhia ngozi. Jua la saa tano. Watu walikuwa wamejipanga ndani ya bwawa hadi mashavu ya miguu, wanakokota chumvi kwa reki za mbao. Sikumtambua mpaka alipozungumza.

"Panta. Bado mnene."

Miguu yake ilikuwa na vidonda vinavyotoa maji, na macho mekundu. Chumvi ndivyo inavyofanya. Msimamizi alinijua, akaniacha, akaenda kivulini.

"Ventura vipi?" akauliza.

"Amemaliza mwaka wake wa barabara. Yuko vilimani. Ana mbuzi, na mwanamke mmoja mkali, na amejenga nyumba inayovuja."

"Ameezeka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakujua hata kufunga fundo." Akakokota reki mara mbili. "Aliniambia niifukie. Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Mimi nilidhani..." Hakumaliza. Akatazama mikokoteni yangu, magunia, maturubai, nyumbu. Nilijua anachohesabu kwa sababu na mimi nilikuwa nimekwisha kukihesabu nilipomwona.

"Wanakagua kwenye kizuizi cha barabara?" akauliza.

"Kila gunia. Wanachoma kwa upanga."

"Nikilala chini ya mbao za mkokoteni? Mimi ni mwembamba sasa."

"Wanatazama chini."

"Siku zote?"

Hawatazami siku zote. Siku ya joto kama ile, walinzi wakiwa kivulini, labda mara moja katika tatu hawainuki. Lakini mtu mweusi huru anayekutwa na mtoro hulipa kwa uhuru wake, na mimi nilikuwa na karatasi moja tu, isiyorudishwa, iliyonichukua miaka kumi na tisa.

"Siku zote," nikasema.

Alinitazama. Alikuwa na sikio la kusikia ubao uliooza, na sina shaka aliusikia huo. Hakubembeleza. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei na kuona haiwezi.

"Basi niachie tumbaku," akasema.

Nikampa yote niliyokuwa nayo. Akaitia mdomoni kidogo, nyingine akaifunga kwenye kitambaa kichwani ili isiloe, kisha akarudi kwenye mstari, mahali pake kati ya wenzake wawili ambao walikuwa wamekokota sehemu yake alipokuwa akizungumza. Nikapakia chumvi yangu.

Kwenye kizuizi mlinzi mmoja alikuwa amelala. Wa pili alinipungia mkono nipite.